Majani Hayafungui Dirisha

Milimani Michoacán, nchini Mexico, kuna mji mdogo wa mafundi wa magitaa. Kukicha huko husikii jogoo peke yake. Unasikia pia randa ikikwaruza mbao, na mtu akijaribu uzi mmoja, tiin, kisha akiukaza tena.

Herlinda aliolewa na fundi mmoja wa hapo, Crescencio. Nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja kikubwa. Humo walikula, humo walilala, na humo Crescencio aliyapaka magitaa vanishi. Akishapaka, aliyaning'iniza darini yakauke. Yalining'inia juu ya vitanda, mekundu na ya rangi ya asali, yakizunguka polepole.

Madirisha hayakufunguliwa hata siku moja.

"Vumbi la barabarani likigusa vanishi mbichi, gitaa limekwisha," Crescencio alisema. "Nani atanunua gitaa lenye ndui?"

Kiangazi kimoja kazi ilizidi. Harufu ya vanishi ikawa nzito, tamu, kama tunda lililoiva kupita kiasi. Herlinda alipokuwa akikanda unga wa mahindi, aliyaona magitaa yakiogelea hewani kama samaki wekundu. Alihisi nyayo zake haziigusi sakafu. Mama mkwe wake, bibi Jovita, alisinzia kitini akitabasamu.

"Marehemu mume wangu kapita hapa," bibi alinong'ona. "Kavaa kofia mpya."

Zenaida, mtoto wao wa miaka sita, hakutabasamu. Kila asubuhi aliamka akishika kichwa. Alisukuma sahani, na mara nyingine alitapika. Lakini Jumapili, walipokwenda kwa shangazi yake juu mlimani, alikimbia na mbuzi hadi jua likazama. Herlinda aliliona hilo, likamkaa moyoni.

Siku moja alisikia redioni kwamba mimea husafisha hewa ya ndani. Hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikwenda sokoni kwa Mama Refugio, muuza mimea, akarudi na vyungu vitatu. Kesho yake alileta vitano.

"Huu unaitwaje?" bibi Jovita aliuliza, akigusa mmea wenye majani marefu yaliyochongoka.

Herlinda aliinama kuficha kicheko. "Ulimi wa mama mkwe."

"Ahaa! Na huu unaotupa watoto wake nje ya chungu?"

"Mama mbaya."

"Basi tumeenea wote," alisema bibi. "Mimi huyu, na wewe yule."

Vyungu vikafika ishirini na tatu. Chumba kikawa kama msitu unaouona usingizini, kijani juu na chini, na magitaa katikati kama ndege waliolala. Herlinda aliimwagilia mimea asubuhi na jioni. Ukutani ukaota ukungu mweusi. Na kichwa cha Zenaida kiliendelea kuuma.

Asubuhi moja mtoto hakuamka vizuri. Herlinda alimwita; mtoto akafungua macho, akayafumba. Midomo yake ilikuwa imepauka. Herlinda alimbeba mbio hadi uani, akamkalisha chini, akampepea kwa aproni.

"Zenaida! Mwanangu, niangalie!"

Wakati huo Mama Refugio alikuwa akiingia uani na vyungu vingine viwili. Aliviweka chini, akachungulia ndani, akatoka haraka amefunika pua.

"Mnalala humu?"

"Nimeweka mimea, Mama Refugio! Tena mingi!"

"Mimea nimekuuzia mimi, kwa hiyo nisikilize mimi. Kabla ya biashara hii nilipaka vanishi kiwandani miaka tisa. Mvuke ule naujua. Mmea mmoja unanyonya hewa chafu kidogo sana, polepole. Kuumaliza mvuke huu ungehitaji msitu mzima, na msitu hauingii chumbani. Kinachoutoa ni upepo. Majani hayafungui dirisha, mwanangu."

Crescencio alikuwa amesimama mlangoni, brashi mkononi. "Na vumbi je? Nikifungua, nitakula nini?"

"Utakula ukiwa na mtoto au bila mtoto?" alimkata Mama Refugio. "Kwanza mpelekeni zahanati. Kazi tutaipanga baadaye."

Crescencio aliitupa brashi. Alimbeba binti yake mgongoni, akashuka naye mlima bila hata kuvaa kofia, Herlinda nyuma yao. Nesi wa zahanati alimpima, akawaambia maneno yaleyale: mtoto asilale tena kwenye mvuke wa vanishi.

Juma hilo walijenga banda la kupakia magitaa vanishi mwishoni mwa ua, mbali na vitanda. Mama Refugio alikuja kuwaelekeza.

"Acheni wazi pande mbili, upepo upite. Upande wa barabara tundikeni shuka jembamba. Kabla ya kupaka, mwageni maji sakafuni, vumbi lilale. Na wewe fundi, vaa barakoa ya kuzuia mvuke. Kitambaa kitupu hakitoshi."

"Na mimea yangu?" Herlinda aliuliza kwa unyonge.

"Hiyo mikubwa ipange nje ya banda, kando ya barabara. Majani yatashika vumbi. Uyafute kwa kitambaa kibichi. Ndani bakiza michache ya kuburudisha macho, na maji umwagie udongo ukikauka tu. Ukizidisha, unafuga ukungu."

Walisugua ukuta, wakafungua madirisha yote mawili. Upepo uliingia na harufu ya misonobari, ukayapuliza mapazia hadi kitandani. Bibi Jovita alinung'unika siku mbili kwamba marehemu hamtembelei tena. Siku ya tatu alikiri kwamba kizunguzungu nacho kimeondoka.

Gitaa la kwanza la bandani lilipokauka, Crescencio alilipeleka juani. Alipitisha kidole mgongoni mwa gitaa, taratibu, akitafuta punje ya vumbi. Hakupata hata moja. Alimwonyesha mkewe kidole kile, kisafi.

Wiki iliyofuata Herlinda aliamshwa na kelele za vyombo. Zenaida alikuwa amesimama kando ya jiko peke yake, nywele timtim, amekumbatia sufuria tupu.

"Mama, mnalala mpaka saa ngapi?" alifoka. "Mimi nina njaa!"