Mtaro Uliozibwa na Kontrakta

Mwaka wa 1980 Kavetsa alikuwa fundi wa nguo katika kijiji cha Kongo, mtaani Kawangware, Nairobi. Mumewe, Wesonga, alikuwa seremala. Kila asubuhi Wesonga alinoa randa yake mlangoni, naye Kavetsa alikata vitambaa huku akitaniana na wapita njia.

Mwezi wa Aprili kontrakta wa Serikali alianza kutengeneza barabara mbele ya ploti walimopanga chumba. Watu walifurahi. Lakini udongo wote uliochimbwa ulimwagwa ndani ya mtaro wa maji.

Kavetsa alimwendea nyapara wa kontrakta.

"Mzee, mmeziba mtaro. Mvua ikinyesha, maji yataingia kwetu."

Nyapara hakumtazama hata usoni. "Mama, hii ni kazi ya Serikali. Wewe enda ushone."

Wanawake waliokuwa wakiteka maji hapo karibu walisikia kila neno.

Siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha. Maji yalikosa njia, yakageukia nyumba. Ukuta wa udongo ulianguka, ukamvunja Wesonga mkono wa kulia. Mkono wa seremala! Kesho yake nyapara alipita akasema ni kazi ya Mungu. Kazi ya Mungu gani? Mungu ndiye aliyeziba mtaro kwa beleshi?

Majirani walikuja na majembe kuzibua mtaro. Mwenye ploti, Simeon, aliwasimamisha. Wapangaji walimwita Baba Wangoi. Alikuwa karani wa wakili mjini.

"Ngojeni kwanza! Mkitoa huu udongo sasa, kesho kontrakta atasema haukuwa hapa. Injinia wa barabara wa Serikali lazima auone kabla hatujashtaki."

"Na mvua ikirudi?" Kavetsa alifoka. "Baba Wangoi, sisi ndio tunalala humu!"

"Leo mtalala kwangu."

"Na tutashtaki Serikali aje? Si itatumeza?"

"Nani amesema Serikali? Serikali ilimwambia kontrakta atengeneze barabara. Haikumwambia azibe mtaro. Kontrakta akifanya uzembe, lazima ajibu yeye mwenyewe, hata kama kazi ni ya Serikali. Wewe ulimwonya nyapara wake?"

"Nilimwonya. Akina mama walisikia."

"Basi majina yao tunayaandika leo."

Injinia alikuja, akauona udongo, akakasirika. Ndipo mtaro ukazibuliwa. Wakili aliyemwajiri Baba Wangoi naye alimwandikia kontrakta barua ya kudai fidia.

Wiki mbili baadaye kontrakta mwenyewe alifika, amevaa tai, karatasi mkononi. "Nitajenga ukuta upya. Weka kidole hapa, mama."

Kavetsa alikuwa amesoma ngumbaru, darasa la watu wazima, mwaka mzima. Hakuwa na haraka. Alisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari.

"Sioni mkono wa mzee wangu hapa," alisema. "Hospitali haimo. Miezi anayokaa bila kazi haimo. Na hapa chini umeandika nisidai kitu tena. Unatuona wajinga?"

"Tulisahau tu, mama."

"Mlisahau mkono wa mtu? Andika!"

Kontrakta aliketi juu ya benchi la Wesonga, akaandika. Ukuta wa mawe. Hospitali. Riziki ya Wesonga mpaka mkono upone. Yote hayo aliyatimiza baadaye, maana Baba Wangoi hakumpa nafasi ya kupumua.

Siku hiyo Baba Wangoi aliitwa, akaisoma karatasi ile, akakubali. Kontrakta akasogeza kidau cha wino wa kidole. Kavetsa alikisukuma kando, akachukua kalamu. Aliandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, polepole, na kontrakta akangoja.