Mufano wa Mwalimu Zakaria

Haya alinisimulia mjukuu wangu Safia wiki hii, tukichagua mawe kwenye mchele, mchele mwingi sana. Yeye ndiye aliyemsindikiza rafiki yake Mwanvua mpaka Kabambare, kumtazama mchumba wake, mwalimu Zakaria.

Walishuka kwenye pikipiki na matope mpaka kwenye nyusi. Wakaingia dukani kwa mama mmoja, Mado, kuomba maji na kuuliza mwalimu Zakaria anafundishia wapi.

— Mwalimu anatafutwa na nani?

— Na Mwanvua, wa Kasongo.

Mado akapiga kelele:

— Mwanvua! Kumbe weye ni mutu wa kweli? Sisi tulizani ni jina la kwenye tablo ya darasani tu!

Wateja wakaimba kama darasa la kwanza: "Mwanvua has been waiting for me for six years! Mwanvua has been waiting for me since 2019!"

— Hiyo ni nini? Mwanvua akauliza.

— Ni somo letu la jioni la Kiingereza, dada. "For" ni ya kupima urefu: anamungojea kwa miaka sita. "Since" ni ya kuonyesha alipoanzia. Kabambare nzima inakujua!

— Na mpaka lini, hakuwafundisha?

— Hiyo iko "until". Bado hatujafika.

Mwanvua akarudisha kikombe, maji yangali yamejaa. Kila mwezi Zakaria alimwandikia: "Ngoja muda kidogo, mpenzi." Naye akangoja.

Alimkuta na chaki mkononi.

— Mwanvua! Mbona hukunipigia simu?

— Fundisha, mwalimu. Mufano wako umekuja kwa miguu yake.

Wanafunzi wakacheka, kisha wakainamia madaftari walipomwona uso.

— Mpenzi, nilitaka jina lako likae mdomoni mwangu kila siku.

— Mdomoni mwako! Mbona umelitia midomoni mwa soko zima? Wachumba nimewarudisha. Wadogo zangu wameolewa, mimi nawapikia pilau. Kumbe huku mimi ndiyo kicheko chenu cha jioni!

— Kipindi cha mitihani kiishe tu...

— Muda umenipa, kitambo umenipa, leo kipindi. Siku ndiyo hujanipa. Tafuta mufano mwingine!

Akarudi zake Kasongo. Ujumbe ukaingia: "Nisamehe. Nakuja."

Akajibu: "Njia ni ya watu wote."

Zakaria akaja kweli, yeye na baba yake mdogo, viatu mkononi kwa matope. Baba wa Mwanvua akawakaribisha barzani. Mwanvua akasimama nyuma ya pazia.

— Until Friday, Zakaria akasema.

— Sema kwa Kiswahili, baba asikie! Mwanvua akasema nyuma ya pazia.

— Ndoa Ijumaa, baba. Ijumaa hii.

Baba akacheka. Pazia halikucheka.

— Nimesikia. Nitajibu.

— Lini, Mwanvua?

— Ngoja.

Jua likashuka. Wazee wakaenda kupumzika. Ndani, Mwanvua akamnong'oneza Safia:

— Kesho umwite bibi yako. Mchele wa Ijumaa ni mwingi, hatutamaliza kuuchagua wawili. Lakini huyu usimwambie. Angoje kidogo.

Akalala, na Safia akalala. Barzani Zakaria alibaki akitazama pazia, chaki ingali kwenye mkono wa shati, mpaka kichwa kikamwangukia kifuani, naye akalala.