Nyota Iliyovimba Begani

Saa nne na dakika tano asubuhi, siku ya Jumapili, wanawake sita walikuwa wameketi kwenye benchi moja, kila mmoja ameacha wazi bega la kulia. Hao walikuwa timu ya mpira wa wavu ya kiwanda cha mikate, na jana yake walikuwa wamechukua kombe la viwanda kwa seti tatu kwa mbili. Sauti ziliwakauka kwa kushangilia. Hata hivyo waliendelea kusimuliana pointi ya mwisho, kila mmoja akimkatiza mwenzake, kana kwamba wengine hawakuwepo uwanjani.

Walikuja kwa mchora tatuu kuweka alama ya ushindi: nyota nyeusi ya ncha tano, upana wa sentimita tatu, kwenye bega la kupigia mpira. Mchoraji alikuwa mtu wa utaratibu. Kwa kila mteja alivaa glavu mpya na kufungua sindano mpya mbele ya macho yake, na kabla ya kuanza aliuliza swali lilelile: je, wewe au ndugu yako wa damu ana kovu lililovimba na kuendelea kukua hata baada ya kidonda kupona? Wote sita walijibu hapana. Wa tatu kwenye benchi, hodari wa sevu, ile mipira ya kuanzisha mchezo, aliyepewa jina la Kombora, aliongeza la kwake.

"Kwetu sisi ngozi ni hariri, kaka. Chora tu."

Hakusema uongo, ndugu msomaji. Alisema alichokijua.

Wiki mbili baadaye magamba madogo yalipukutika kwenye mabega yote sita. Tatuu mbichi huinuka kidogo, kwa sababu ngozi imechomwa mara nyingi na inajikarabati. Ikishapona, kwa kawaida hushuka. Nyota tano zilishuka. Ya Kombora ilishuka pia, na kwa muda wa mwezi mmoja hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Wiki ya nane mistari yake ilianza kuinuka tena, migumu, yenye kuwasha. Ukipitisha kidole uliihisi kama uzi uliodariziwa juu ya kitambaa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wenzake walipata la kusema. Kapteni alidai kwamba nyota ya Kombora inasomeka hata umeme ukikatika.

Kombora aliishi na mama yake, fundi cherehani, na mdogo wake wa kike aliyeitwa Redio kwa sababu habari yoyote iliyoingia masikioni mwake ilitangazwa kabla ya saa moja kupita. Baba yao alikuwa amefariki. Ilikuwa nyumba yenye vicheko. Chumba cha mbele kilijaa vitambaa, chaki na wateja, na mama alishona tangu asubuhi akiwa amevaa gauni lililofungwa vifungo hadi kooni, hata siku za joto la kuyeyusha mshumaa. Wateja wakimtania kuhusu joto hilo, aliwajibu kwamba kola ni tangazo la kazi yake.

Sasa niwaeleze jambo ambalo mabinti hawakulijua. Chini ya kola ile, kifuani, mama alikuwa na kovu lenye upana wa kiganja. Lilianza kama chunusi alipokuwa na miaka kumi na sita. Lilikatwa, likarudi likiwa kubwa mara mbili. Lilikatwa tena, likarudi kama lilivyo sasa. Alipoolewa, mama mkwe alimwonya kwamba habari hiyo ikisikika, mabinti atakaowazaa hawataposwa. Mume alilijua na akanyamaza. Mume alipokufa, mama akabaki na siri hiyo peke yake, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu kuitamka.

Alipoonyeshwa nyota ya binti yake wiki ile ya nane, aliigusa kwa kidole kimoja, kisha akakiondoa haraka kama aliyegusa pasi ya moto. Alisema ni joto. Kuanzia hapo alimpaka mafuta kila asubuhi kabla ya kazi, na kila asubuhi alisema ni joto.

Mwezi wa nne uvimbe ulivuka mipaka ya wino. Jezi iliukwaruza, na kila Kombora alipoinua mkono kupiga mpira, bega lilichoma. Ndipo barua ilipofika kiwandani: mpiga sevu wa kiwanda cha mikate anaitwa kwenye majaribio ya timu ya mkoa, baada ya siku ishirini na tatu. Wafanyakazi wa zamu nzima walipiga trei za mikate kama ngoma. Kombora aliisoma barua mara tatu akiwa amesimama, kisha akajikuna begani hadi damu ikatoka.

Timu yote ilimwendea mchoraji kumshtaki. Walikuwa tayari wamewaambia watu kwamba wino wake ni mchafu, na kwa wiki mbili benchi lake lilikuwa tupu. Yeye hakupandisha sauti. Alifungua daftari lake la kazi na kuwaonyesha: siku moja, mkono mmoja, wino wa chupa moja, na Kombora alikuwa wa tatu.

Aliwafafanulia kwamba tatuu iliyopona hubaki imeinuka kwa sababu kadhaa. Kuna ngozi zinazokataa wino fulani, hasa mwekundu, na huvimba pale rangi ilipo. Kuna maambukizi, yenye usaha na maumivu. Sindano ikizamishwa mno, kovu huinuka, lakini hubaki ndani ya mistari iliyochorwa.

"La huyu limevuka mistari," alisema. "Ngozi yake ikianza kujikarabati haijui kusimama. Hilo huwa la kuzaliwa nalo. Mpelekeni kliniki ya ngozi, na msikubali mtu alikate."

Kombora alihesabu siku. Aliambiwa kliniki ni matibabu ya miezi. Kinyozi wa mtaa wa pili, ambaye aliwahi kuondoa sunzua za watu kwa wembe, alimwahidi dakika kumi za kazi na wiki moja ya kupona. Miadi ikawekwa Jumamosi, saa tisa alasiri, na wenzake, wakihofia majaribio yampite, wakakubali kumsindikiza. Redio aliapishwa asiseme.

Alistahimili hadi saa nane na dakika arobaini. Mama alikuwa amepiga magoti akibana pindo la sketi ya mteja kwa pini, na Redio alikuwa akimpa pini hizo moja moja. Akasema kwamba dada amemkataza kusema, kwa hiyo hasemi kwamba sasa hivi yuko kwa kinyozi anasubiri kukatwa nyota.

Mama alisimama. Mteja aliachwa katikati ya chumba na pini kumi na moja kwenye pindo, asiweze kukaa wala kutembea. Fundi alitoka mbio na futi ya kupimia ikipepea shingoni, akasimamisha pikipiki ya kwanza aliyoiona, na akamwambia dereva kwamba akichelewa hatashonewa suruali hadi kufa kwake. Dereva alikata kona mbili kwa mguu mmoja chini. Sokoni walikwama nyuma ya gari la mchanga. Mama akashuka na kumalizia njia kwa miguu, akipita katikati ya meza za nyanya huku watu wakimpisha bila kujua kwa nini.

Saa tisa na dakika nne alisukuma mlango. Kombora alikuwa kitini, wenzake watano wamemzunguka wakimhesabia kama kwenye mechi. Ncha moja ya nyota ilikuwa imeshakatwa. Pamba ilikuwa nyekundu.

"Mama, karibu, foleni inaanzia kwa yule mzee," kinyozi alisema bila kugeuka.

"Weka wembe mezani."

Kinyozi aligeuka, akamwona usoni, akauweka.

Mama alifungua vifungo vyake kuanzia juu. Cha tatu kiligoma, akakikata. Kwenye kiti cha pili mashine ya kunyolea ilizimwa.

"Hii ilikuwa chunusi," alisema. "Niliikata mara mbili. Kila nikikata, inarudi na kiasi kingine. Wewe umeirithi kwangu."

Kombora alitazama kifua cha mama yake.

"Mchoraji aliniuliza, mama. Nikamjibu kwetu hakuna."

"Najua. Ungemjibu nini?"

"Na baada ya hapo? Kila asubuhi ulikuwa unanipaka mafuta, unaniambia joto. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mwanangu."

"Basi ungeniambia tu, nivumilie bega langu nikijua lina nini."

Mama alichukua pamba safi, akaikandamiza kwenye kidonda, na hakuiachia hadi walipofika kliniki ya ngozi, ambayo Jumamosi hiyo ilikuwa na daktari wa zamu.

Daktari alithibitisha: ni keloidi, kovu linalokua kupita mpaka wa kidonda. Alichoma sindano za dawa ya kulilainisha kwenye ncha nne zilizobaki, akaeleza kwamba zitarudiwa kila baada ya wiki nne, na kwamba kukata peke yake bila tiba nyingine mara nyingi hulichochea upya. Ncha iliyokatwa ilifungwa bandeji. Kombora alikatazwa kupiga sevu kwa siku kumi na mbili. Daktari alimtazama pia mama, akamwandikia tarehe yake.

Siku hizo kumi na mbili Kombora alifanya mazoezi ya miguu na kupokea mipira, huku Redio akimrushia na kutangaza matokeo kwa mtaa mzima. Mama naye alikwenda kwa mchoraji mbele ya timu yote, akamwomba radhi, kisha akawaita dada zake wawili na kuwaonyesha kifua. Mmoja wao akainua kilemba na kuonyesha uvimbe nyuma ya sikio. Naye alikuwa akiuficha.

Siku ya majaribio bega lilikuwa na bandeji nyembamba. Sevu ya kwanza ilitoka nje. Ya pili iligonga wavu. Ya tatu hadi ya tisa hazikurudishwa hata moja, na wenzake wa kiwandani walipiga kelele hadi mwamuzi akawaonya. Saa tano na dakika kumi mwalimu wa timu ya mkoa alisoma majina kumi na mawili. La Kombora lilikuwa la kumi na moja. Mama alikaa chini kwenye nyasi na gauni lake safi.

FUNZO

Ndugu zangu, kilichoiumiza familia hii si wino, wala si sindano. Ni jibu lililokuwepo nyumbani likakosekana siku lilipoulizwa. Waambieni watoto wenu mnachokijua kuhusu miili yenu, makovu, kifafa, pumu, chochote kile, kabla hawajakaa kwenye kiti cha mtu mwenye sindano au wembe. Aibu ya kusema hupita kwa siku moja. Na tatuu yako ikibaki imeinuka baada ya kupona, nenda kwa daktari wa ngozi akuambie ni kwa nini, kwa kuwa sababu ni nyingi na tiba zake hazifanani. Usimpe bega lako mtu aliyekuahidi dakika kumi.

Kombora alipimwa tena kliniki wiki ya ishirini tangu aanze sindano. Ncha nne za nyota zilikuwa zimelala karibu sawa na ngozi. Ncha iliyokatwa ilikuwa imeota upya, na ilikuwa imeinuka milimita sita juu ya ngozi.