Rangi ya Chumba cha Bibi Harusi

Kila kiangazi, wanawake wa ukoo wa kina Atipoka hupaka nyumba zao rangi. Asubuhi Atipoka, msichana wa miaka kumi na miwili, aliteka maji, akafagia ua, akanywa uji wa mtama, kisha akaenda kumsaidia shangazi yake, Yinpoka. Kijijini hapakuwa na mtu aliyemshinda Yinpoka kwa kupaka rangi nyekundu.

Wiki hiyo walikuwa wakiandaa chumba cha mchumba wa kaka yake Atipoka. Bibi harusi angefika Ijumaa pamoja na mama yake, na mama anayemleta binti yake hutazama kuta kabla hata ya kuketi.

"Nataka nyekundu iliyoiva kama ini," alisema shangazi. "Sitaki ya vumbi la barabarani. Atipoka, wewe saga jiwe la rangi. Tene atasugua ukuta."

Tene alikuwa binamu yake, msichana mpole, mchache wa maneno.

Atipoka alipiga magoti, akaanza kusaga. Lile jiwe jekundu lilikuwa gumu kweli. Mabega yalimuuma, na unga haukufika hata nusu ya kibuyu. Kutoka uwanjani rafiki yake Azuma akapaza sauti, "We Atipoka! Unasaga jiwe au unalibembeleza lilale? Njoo, tumepungukiwa mtu mmoja!"

Atipoka akatazama huku na huku. Nyuma ya zizi kulikuwa na udongo mwekundu, laini, usiohitaji kusagwa. Aliuchota, akauchanganya na ule unga mpaka kibuyu kikajaa. Kisha akakimbilia mchezoni.

Alasiri walipaka. Ukuta ulipokuwa mbichi ulipendeza, na Tene aliusugua kwa kokoto laini mpaka vidole vikavimba.

Kesho yake ukuta ulikuwa umekauka. Shangazi alipitisha kiganja, kikatoka na vumbi. Hapa rangi ilikuwa imepauka, pale imepasuka.

"Tene! Jana ulikuwa unasugua au unapapasa?"

"Nilisugua, shangazi."

"Ungesugua, ukuta ungeng'aa. Nenda jikoni kasaidie kupika. Nitamtafuta mtu mwingine."

Tene aliinamisha uso, akaficha vidole vyake ndani ya kitenge. Atipoka alikuwa ameviona. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemshuku.

"Shangazi," alisema, "kosa si la Tene. Ni langu. Nilitia udongo wa nyuma ya zizi."

"Mwingi kiasi gani?"

"Nusu ya kibuyu."

"Kwa nini?"

"Nilichoka. Halafu nikataka kwenda kucheza."

Shangazi alishusha pumzi. Alimgeukia Tene. "Nimekuonea, mwanangu. Nisamehe." Kisha akampa Atipoka kigae. "Haya, kwangua."

Walikwangua mpaka jioni. Siku iliyofuata Atipoka alirudi kwenye jiwe. Azuma alipoita, alitikisa kichwa tu. Alipekecha unga kwa vidole, na alipohisi chenga alisaga tena. Baadaye Tene akaja, akakaa kando yake.

"Umenikasirikia?" Atipoka aliuliza.

"Sana. Sogea huko, nikupokee."

Atipoka alisogea, wakapokezana mpaka kibuyu kikajaa. Alhamisi walipaka, wakasugua, kisha wakanyunyizia maji yaliyochemshwa na maganda ya matunda ya mti wa mdawadawa ili rangi ishike.

Ijumaa mama wa bibi harusi aliingia chumbani, akasimama mbele ya ukuta. Ukuta ulikuwa mwekundu wa kuiva, unang'aa kama uliopakwa mafuta. Aliugusa.

"Nani alisaga jiwe hili?"

"Hawa wawili," alijibu shangazi.

"Basi mwanangu amefika kwenye nyumba ya watu wanaofanya kazi," alisema yule mama, akapiga kigelegele.

Wageni walipokuwa wakila, shangazi aliwaita wasichana pembeni.

"Ukuta ukiharibika tunaupaka upya, basi. Lakini ungenyamaza, Atipoka, kijiji kizima kingemwita Tene mvivu, na jina hilo lingemfuata mpaka kwa mume. Umefanya vizuri kusema, ingawa ulichelewa."

"Ndiyo, shangazi."

"Na siku nyingine ukichoka, njoo uniambie umechoka. Mimi nami nina mikono. Tutasaga wote."