Tunaleta Mpaka Mlangoni

Kosa la kwanza la Brashi lilikuwa kupokea shukrani isiyo yake. Jioni moja mkewe, ambaye ni mshonaji na cherehani yake inakaa sebuleni karibu na dirisha, alilalamika kwamba sindano zimemwishia na gauni la watu bado halina pindo. Asubuhi alipofungua mlango akakuta pakiti ya sindano juu ya kizingiti, imefungwa kwa karatasi ya kaki na uzi mwekundu.

"Kumbe siku hizi unanisikia ninapoongea," alimwambia mumewe, akicheka.

Brashi hakununua sindano yoyote. Lakini ilikuwa zamani tangu mwanamke yule amchekee namna ile, na sifa ya bure ni tamu, haitemwi. Akajibu, "Si kitu, mke wangu." Mungu amsamehe, hapo ndipo alipojifunga kamba kwa mkono wake mwenyewe.

Brashi, kama jina lake la utani linavyosema, ni mchora mabango, mmoja wa wachache waliobaki, maana siku hizi mabango yanatemwa na mashine. Kazi ilipopungua, mapenzi yake yote aliyahamishia kwenye rafu moja pale sebuleni. Juu yake zimepangwa vani ndogo za chuma, kila moja haizidi kiatu cha mtoto, zenye matangazo ya wafanyabiashara wa zamani ubavuni: mwokaji mikate na wanawe, muuza maziwa, muuza makaa, mpika sabuni. Herufi za dhahabu zenye kivuli chekundu, namba za simu zenye tarakimu tatu tu. Huzifuta vumbi kwa brashi laini huku akizisemesha. Mkewe anaziita wake wenza.

Wakusanyaji wa vigari hivyo wana mwiko wao: gari la zamani haliguswi rangi, hata likibabuka kama nyoka anayejivua gamba. Wachora mabango nao wana wao: jina la mwenye biashara kwanza, sifa baadaye. Brashi alivunja miiko yote miwili alasiri moja. Alikuwa amepata vani nyeusi kwa muuza vyuma chakavu, na ubavuni maandishi yalikuwa yamekwaruzwa kwa msumari, kama aliyefanya vile alikuwa na haraka. Badala ya kuliacha gari hilo, akalipiga msasa, akalipaka upya, na chini kabisa akaandika kwa dhahabu: TUNALETA MPAKA MLANGONI. Nafasi ya jina, pale juu, akaiacha tupu. Alikuwa hajaamua ampe mtu wa kazi gani.

Jioni ya siku hiyohiyo ndipo mkewe alipolilia sindano.

Baada ya sindano kikaja kitambaa cha bitana. Kisha chupa ya marashi, na hayo ndiyo yaliyomchoma Brashi, kwa sababu mkewe aliinusa akafumba macho, akasema, "Haya nilikuwa najipaka nikiwa msichana. Jana tu nimeyataja peke yangu, nikishona. Nani alikuambia?"

Ni kweli, nani? Brashi alitabasamu kwa meno tu. Kama si yeye anayeleta, basi kuna mwanamume anayemjua mkewe tangu usichana. Angemuuliza, lakini angeanzaje, naye alishazipokea zile shukrani za sindano? Uongo mdogo ulikuwa umemkalia kooni kama mwiba wa samaki.

Shaka yake ikamwangukia kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mwenye salamu ndefu kupita kiasi. Akaenda kunyolewa.

"Fundi, juzi tu nimekunyoa," kinyozi alisema. "Leo nikuchune ngozi?"

"Wewe nyoa. Hivi, ni mtu wa zawadi wewe?"

"Nimpe nani? Mke wangu nikimpelekea hata ndizi anauliza nimefanya nini."

Brashi alirudi na upara na shaka yake ileile. Mkewe naye alikuwa na yake. Mtu anayeleta zawadi huku amenuna, aliwaza, kuna jambo analifukia. Wakawa wanakula wakitazamana kama wauza ng'ombe.

Kisha Brashi akaona magurudumu ya vani nyeusi. Yalikuwa na tope bichi. Akalifuta, akamtazama mkewe, akasema moyoni kwamba sasa anachezewa hata vitu vyake.

Akaazimia kumkamata mgoni wake. Kabla ya alfajiri, mkewe akiwa amelala, alijibanza nyuma ya pazia la sebuleni. Kwanza alisikia mlio mdogo, kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo, ukitokea kwenye rafu. Ukanyamaza. Halafu ukaanza tena, lakini nje, na safari hii haukuwa mdogo, ulikuwa mngurumo mzito wa injini ya zamani uliotikisa vioo, ukaja na harufu ya rangi mbichi iliyopenya chini ya mlango na kupanda taratibu mpaka puani mwake, naye alipochungulia akaona vani nyeusi imesimama mbele ya nyumba, kubwa kama vani yoyote, haina taa, na ubavuni maneno ya dhahabu aliyoyajua, kwa sababu ule mkia wa herufi ya mwisho aliupinda yeye kwa mkono wake, na dereva aliyekuwa ameinama kizingitini akiweka kifurushi kwa adabu alipoinua kichwa, pale palipopasa kuwa uso palikuwa tupu, pamepakwa rangi nyeusi laini, kama nafasi inayongoja kuandikwa jina.

"Unanichunga?"

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Nje hapakuwa na gari tena.

"Vitu hivi si mimi ninayeleta," Brashi alinong'ona. "Hata zile sindano."

"Basi ni nani?"

 Mkewe akalitazama pazia alilojibanza mumewe, akaelewa alichokuwa akifikiriwa siku zote hizo, akakaa chini kwenye kiti cha cherehani.

"Kama hivyo ndivyo unavyoniona," alisema polepole, "afadhali ungeniletea jeneza nipumzike."

Kwenye rafu, kitu kikakohoa mara moja, kama karani aliyesikia agizo.

Mchana Brashi alimwendea shangazi yake, mwanamke mfupi mwenye maneno makavu, anayewaombea watu wenye mashetani. Akamweleza yote, na uongo wake akaukiri. Shangazi alikuja, akasoma dua chumba kwa chumba, akalishika lile gari kwa kitambaa.

"Nimelifuta kwa tapentaini ya kuondolea rangi," Brashi alisema. "Maandishi yanarudi."

"Yatarudi. Umefungua biashara, umeahidi watu, halafu mwenye biashara hayupo. Jini asiye na bwana ameona kazi tupu, ameingia. Sasa anatumikia neno la yeyote. Jina la nani linakaa hapa juu?"

"Nikiandika langu?"

"Atakuwa wako. Atakusikiliza wewe tu. Lakini kumfukuza sitaweza tena, mwanangu, wala wewe. Fikiri."

Hawakupata muda wa kufikiri. Jua lilikuwa linazama, na chini ya mlango iliingia harufu ya mbao mpya zilizorandwa. Injini ikazimwa nje. Kitu kirefu kikaburutwa ngazini, kikaegemezwa ukutani.

"Hodi," ikasema sauti ya upole.

Mkewe aliinuka kwenye cherehani, pini bado ziko midomoni, macho yamemtoka, akauendea mlango kwa mwendo wa mtu anayekwenda kulala. "Mzigo wangu umefika," alisema, na pini zikadondoka moja moja sakafuni. Shangazi akamkumbatia kiuno, naye akawa anamburuta shangazi kama kanga iliyonasa.

Brashi alilivuta lile gari karibu. Akachovya brashi kwenye rangi ya dhahabu, akaandika jina alilopewa na babake, herufi kwa herufi, huku kitasa kinazunguka.

"Mimi ndiye mwenye biashara," aliuambia mlango. "Mzigo huu haukuagizwa. Rudisha."

Kitasa kikatulia. Kile kirefu kikaburutwa kushuka ngazi, na harufu ya mbao ikapungua. Mkewe alilegea mikononi mwa shangazi, akaanza kulia kama kawaida ya watu.

"Sawa, bosi," sauti ikasema pale pale mlangoni. "Na kesho je?"

 Mpaka leo Brashi hajajibu. Lile gari alishalitupa mbali, asubuhi likawa kizingitini. Aliomba radhi, mkewe akamsamehe, tena sasa wanacheka, ingawa Brashi akitaka chumvi mezani huonyesha kwa kidole, asije akatamka agizo. Kila jioni husikika kikohozi kimoja rafuni, cha mtu anayengoja kutumwa.

Basi nakuomba hili tu, wewe unayesoma. Ukimpelekea kazi ya bango, msalimie, mwoneshe unachotaka, lipa, uende. Usimuulize yeye anataka nini. Na ukimuudhi, ondoka kabla hajafungua mdomo.