Mitaa Mitano ya Kivumbe

Zama zile miji ya pwani ilipokuwa na wafalme wake, na kila mfalme na siwa yake, alfajiri moja alishuka katika kisiwa cha Kivumbe mtu aitwaye Mbarazi bin Chande, amiri wa jeshi la Kitoka, mji wa ng'ambo. Kilemba chake kilikuwa na damu. Upanga aliuacha mtumbwini, kwani mwombaji haingii kwa watu na silaha. Ukuta wa Kitoka ulikuwa umebomoka, na adui angeingia kabla ya jua kuchwa. Ndani walibaki watu mia tatu, pamoja na mkewe, Mwana Esha. Mfalme wa Kivumbe alikuwa na mitepe ishirini ya kuvushia watu baharini, na hiyo ndiyo Mbarazi aliyoijia.

Gatini alipokewa na Mwana Kazija, mwanamke mcheshi ambaye kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni.

"Karibu, bwana. Kisiwa chetu kidogo, hutapotea. Utachelewa tu," akasema, akicheka.

"Bibi, nina habari nzito ya mfalme."

Kazija akaziba masikio. "Usiseme! Mgeni hupita mitaa mitano kwa miguu, na kila mtaa hula. Ndipo aketi mbele ya mfalme aulizwe habari. Akitangulia kusema, ombi lake hurudi naye. Ndiyo mila yetu."

Mtu mwenye haraka angekimaliza kisiwa kile kabla jua halijawa kali. Lakini mtaa wa kwanza walimpa madafu na tambi. Wa pili walimwosha miguu, wakamhesabia mababu zao wote. Wa tatu wali ulikuwa bado jikoni, wakangoja uive. Vichochoro vilikuwa vyembamba, na kila baraza ilikuwa na wa kuamkiwa. Kila walipotokeza pwani, Mbarazi aligeuka kutazama Kitoka. Moshi ulikuwa bado haujaonekana.

"Mbona huli, bwana?"

"Nala, bibi."

Mwomba chumvi huombea chungu chake, alijiambia, akameza tonge kwa shida. Mimi ningepiga kelele. Lakini ni rahisi kusema hivyo, sisi tunaojua mwisho.

Alasiri akaketi mbele ya mfalme, akaulizwa, akasema. Hajamaliza, mfalme alikwisha simama, siwa ikapulizwa, mitepe yote ishirini ikasukumwa majini.

"Lo! Mbona hukusema gatini?" mfalme akamuuliza.

"Niliwaheshimu, mwinyi."

Mwana Kazija, aliyekuwa mlangoni, akaangua kilio.

Walikuta Kitoka inateketea. Katika mikoko waliokota watu kumi na mmoja, na Mwana Esha hakuwamo. Mwanamke mmoja alisimulia kwamba tangu asubuhi Mwana Esha alikuwa amesimama juu ya dari ya msikiti, akiwazuia watu wasikimbilie porini.

"Alituambia tutulie," akasema. "Alisema mumewe amekwisha fika Kivumbe, na kisiwa chenyewe kidogo."

Mbarazi alilia mbele ya watu wote, wala hakuna aliyemwambia anyamaze.

Hakurudi bara tena. Alimwomba mfalme kazi moja tu, akae gatini pamoja na Mwana Kazija. Miaka ishirini na sita, kila mgeni aliyeshuka alishikwa mkono na yule amiri mzee, hata salamu haijatolewa: "Sema kwanza. Utakula baadaye."

Wageni wengi waliondoka wakisema watu wa Kivumbe hawana adabu.