Ushuhuda wa Mguu wa Hortense

Wapendwa, sogeeni. Haya yalitokea hapa hapa Likasi, miaka ile ya tisini kazi ya shaba ilipolala na mshahara ukawa jambo la kuchekea.

Alasiri moja Evariste alikuwa mbele ya nyumba yake, katika kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha Shituru, akipiga pasi shati la ibada kwa pasi ya makala huku akiimba wimbo wa kwaya. Mkewe, Hortense, alikuwa amekwenda vijijini kutafuta mahindi. Akiuza unga, watoto wanakula bukari, ugali wetu. Roho ya Evariste ilikuwa imetulia kabisa.

Mara Hortense akatokea, beseni kichwani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Baba Cédrick! Lori imepinduka kule Buluo! Nilitoka chini ya magunia, nikamuvuta Estelle, mwenzangu wa biashara, nikarudia kwa miguu."

"Mungu wangu! Na weye, hauna kidonda?"

"Hapana. Muguu tu iko nzito kidogo."

Evariste alilia kwa furaha. Akamshika mkono, wakaenda moja kwa moja kwenye maombi. Huko akasimama mbele ya kanisa zima akatoa ushuhuda: "Mke wangu ametoka chini ya lori! Hata mufupa moja haukuguswa!" Watu wakapiga makofi, ngoma ikalia. Na Hortense, jamani, akacheza. Akacheza kwa mguu ule ule.

Jua lilipozama, wakiwa wamezunguka bukari, maumivu yakafika. Hortense akaweka tonge chini.

"Baba Cédrick, muguu inaniuma. Inaniuma mubaya."

"Inauma namna gani? Ulitembea toka Buluo. Ulicheza mbele ya bantu. Kama ilivunjika, ungecheza?"

"Sijui. Saa ile sikusikia kitu. Sasa njo nasikia."

Evariste alimpenda mkewe, msifikiri vingine. Lakini aliwaza ule ushuhuda. Kesho watu wakimwona Hortense hospitalini, watasema nini? Kwamba Evariste amesema uongo mbele ya Mungu?

"Kaza roho," akasema. "Miye asidi iliniunguza mukono kule kiwandani, nililia? Usiniangushe mbele ya bandugu."

Basi Hortense akakaza. Akateka maji, akatwanga, akaenda sokoni akiburura mguu. Mguu ukavimba, ukaanza kupinda. Alipoona kilio kinamshinda, alijifungia chumbani akauma ncha ya kitenge chake ili majirani wasisikie. Evariste alisikia. Kila mara alisikia, akaanza kuimba kwa nguvu zaidi, na aliujua wazi ubaya wa wimbo ule.

Siku moja Estelle akaja kumshukuru aliyemvuta kutoka kwenye lori. Mwenyewe alikuwa amechubuka kiwiko tu, na alikuwa amelia wiki nzima. Alipouona mguu wa mwenzake akapiga yowe, akakimbia kumwita Mchungaji Joachim. Mchungaji akamtazama Evariste.

"Ndugu, nani alikuambia Mungu anaona haya ya lopital?"

Walimpakia Hortense kwenye mkokoteni, na Evariste ndiye aliyesukuma, jasho na machozi vikichanganyika.

Mganga wa hospitali aliupapasa mguu, akauliza mambo yalivyokwenda, akatikisa kichwa.

"Mfupa ulivunjika siku ile ile. Kutembea kumeusogeza, na sasa umeshaanza kuunga vibaya."

"Lakini alicheza, Daktari!" Evariste akasema. "Hakusikia kitu!"

"Mwili una dawa yake ya ndani. Mtu akishtuka sana, mwili unaimwaga dawa hiyo ili apate kukimbia. Hatari ikipita, dawa inaisha, maumivu yanakuja. Na si wote wanaipata sawa. Mwingine analia kwa mchubuko, na si kwamba anadeka. Mwingine ananyamaza na mfupa umevunjika. Kilio si kipimo, baba. Angekuja jioni ile alipokwambia, angetembea vizuri."

Alipokwambia! Neno hilo lilimchoma Evariste kuliko ile asidi. Jumapili alisimama tena kanisani akasema yote, akalia kama mtoto. Watu walimsamehe. Hortense naye alimsamehe, akamkumbatia mbele ya wote. Mguu ukabaki umepinda.

Baadaye, mchana mmoja, mafuta ya moto yaliruka kwenye kikaango yakampata Hortense mkononi. Evariste akaruka kutoka kwenye kiti.

"Mama Cédrick! Inauma? Niambie, twende lopital sasa hivi!"

"Hapana," Hortense akasema taratibu. "Haiumi."

Ngozi ilikuwa inatoka. Na ncha ya kitenge ilikuwa tayari katikati ya meno yake.

FUNDISHO

Wapendwa, usimpime mwenzako kwa mwili wako. Mungu ametupa sote dawa ya ndani, lakini si kwa kijiko kimoja. Mtu akikwambia inauma, mwamini siku hiyo hiyo, hata kama jana alicheza. Ushuhuda hauharibiki kwa kwenda hospitali. Evariste alimpeleka mkewe mkono ukatibiwa ukapona. Lakini mpaka leo anamuuliza kila asubuhi kama ameamka na maumivu, na kila asubuhi anajibiwa hapana, na hajui aamini nini.